Alama za wanafunzi kwenye lahajedwali la simu

Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze nchini Uganda mwaka 2020, tathmini endelevu inayofanyika darasani huchangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ya mwanafunzi, na kwa hiyo alama iliyopotea kwenye daftari ni haki ya mtoto iliyopotea. Nawasihi walimu wenzangu watumie Google Sheets, programu ya lahajedwali (jedwali linalopiga hesabu lenyewe), kwenye simu, hata pale ambapo bando ni la kubahatisha, kwa kuwa faili likiwekwa mapema katika hali ya kutumika bila intaneti, utajaza alama ukiwa darasani, nazo zitahifadhiwa kwenye akaunti yako mtandao utakaporejea.

Jambo moja lishikwe kwa makini: mwanafunzi aliyekosa zoezi kwa ugonjwa au kwa kurudishwa nyumbani kufuata karo, acha kisanduku chake kitupu, wala usiandike 0, kwani kanuni ya AVERAGE, inayokokotoa wastani, huruka kisanduku kitupu lakini huhesabu sifuri. Aliyepata 3 na 2 akakosa zoezi la tatu ana wastani wa 2.5, ukimwandikia sifuri, anashuka hadi 1.67.