Namna ya kuzinasa modeli mpya za gari barabarani, na kuendelea kufurahia mpaka uzeeni

Wapo watu wakikwama kwenye foleni wanachomoa simu, alafu tupo sisi ambao foleni kwetu ni burudani kabisa, maana hujui nyuma ya hilo lori kutatokea nini. Huu mchezo wa kutambua gari mpya zikipita barabarani hauna kiingilio wala umri, mtoto wa miaka sita anaucheza na babu yake anaucheza, na hauishi kwa sababu viwanda haviachi kutoa gari mpya. Ila kila ukiwaeleza watu wanakujibu "mi gari za saivi naona zote zinafanana". Hazifanani bwana, ni vile tu hujaonyeshwa pa kuangalia.

Cha kwanza, usianze kwa kutafuta mpya. Anza na ya zamani. Gari mpya huwezi kuitambua kama hujui ile ya jana ilikuaje, kwaiyo chagua kampuni moja ambayo gari zake unakutana nazo kila siku, alafu kwenye hiyo kampuni chagua modeli moja uijue mpaka basi. Tuseme Volkswagen Golf. Ya kwanza ilitoka 1974 na saivi wako kwenye kizazi cha nane kilichotoka 2019, na ukizitazama zote kwa ubavuni utaikuta ile nguzo nene ya bodi nyuma ya mlango wa nyuma haijawahi kuondoka, hiyo ndo alama yake ya kuzaliwa. Vingine vyote vimebadilika ila hiyo ipo. Ukishaijua hivo jicho linaanza kufanya kazi lenyewe, unapishana na Golf hii unaipotezea, na ile unaipotezea, alafu inakuja moja inakugomea. Kuna kitu. Unaangalia tena, nembo ya mbele inawaka taa! Basi hapo umekutana na ile iliyofanyiwa feslifti, yaani kupodolewa uso, 2024. Hiyo sekunde ya "hapa kuna kitu" ndo utamu wenyewe wa mchezo, vingine vyote nitakavyosema hapa chini ni vya kukusaidia uipate mara nyingi zaidi.

Sasa hii feslifti tuielewe vizuri. Gari nyingi zinakaa sokoni kama miaka sita au saba hivi kabla hazijabadilishwa mwili mzima, na hapo katikati, mwaka wa tatu au wa nne, kiwanda kinaipodoa kidogo ili isionekane imechuja. Kwa nini hawabadilishi yote kwa mpigo? Hela. Milango, paa na boneti ni bati linalokandamizwa na mashine kubwa kwenye kalibu, na kalibu zenyewe ni ghali kweli kuzitengeneza upya, wakati bampa ni plastiki, grili plastiki, taa unafungua unafunga. Kwaiyo usihukumu gari kwa uso. Uso unadanganya sana. Angalia ubavu. Kama mstari wa vioo vya madirisha ya pembeni na mikunjo ya milango ni ileile, hata uso uwe mgeni kiasi gani hiyo ni feslifti. Vioo vikibadilika na milango ikabadilika, hicho ni kizazi kipya na una haki zote za kupiga kelele ndani ya gari.

Chukua Tesla Model 3. Ilianza kutoka 2017, feslifti ikaja 2023. Zikipita pembeni yako kwa spidi unaweza kuapa ni gari moja, lakini ya zamani ina taa za ukungu chini kwenye bampa la mbele na mpya haina. Nyuma ndo rahisi zaidi, kwenye ya zamani taa imekatwa vipande viwili, kimoja kimeshikwa na bodi kingine kiko kwenye mlango wa buti, ile mpya taa yote imehamia kwenye mlango wa buti. Na ile nembo ya T ya nyuma wameitoa wakaandika TESLA kwa herufi. Vitu vitatu tu, ukivijua hata ikupite usiku unaimaliza.

Zipo pia gari zinazokuchezea akili. Land Cruiser 70 iko sokoni tangu 1984, umbo ni kama lilelile, alafu 2023 Toyota wakairudishia taa za mviringo ila za LED. Kwaiyo ukiona macho ya duara usikimbilie kusema ni la zamani hilo, angalia kwanza mwanga wake na grili. (Kuna watu wanafunga taa za LED wenyewe kwenye gari za zamani, hao ndo wanaotuharibia mchezo.)

Ukitaka kuendelea haraka jifunze migongo. Barabarani gari nyingi unaziona kwa nyuma kwa sababu ndo unazifuata, za mbele zinakupita sekunde moja tu. Na usiku ndo kunoga zaidi maana bodi inapotea inabaki taa peke yake. Hyundai Ioniq 5 iliyotoka 2021 taa zake ni vijimraba vidogovidogo, ukiona mara moja husahau. Mercedes E-Class ya 2023 wameweka umbo la nyota ndani ya taa za nyuma, mi naona wamezidisha ila kwa kutambua gari wametusaidia. Volvo kuanzia XC90 ya 2014 taa za mbele zina umbo la nyundo lililolala. Porsche 911 za kizazi cha 2018 kuja huku zote zina ule mstari mwekundu wa taa unaokatiza nyuma kutoka kona mpaka kona. Tatizo mstari huo saivi kila kampuni imeuiga, kwaiyo wenyewe peke yake haukuambii kitu, angalia na pembe zake zinaishiaje.

Kwa mchana kioo cha mwisho cha pembeni kinasema mengi. BMW wana ule mkunjo chini ya kona ya dirisha la nyuma, dirisha linashuka alafu linajikunja kurudi mbele, walianza nao 1961 na watu wameupa jina la Wilhelm Hofmeister aliyekuwa mkuu wa wabunifu wao. Ficha grili, ficha nembo, ule mkunjo unakuambia ni nani.

Nembo nazo zisome kama tarehe. Kia walibadili yao 2021, ile ya maandishi yaliyoungana mpaka watu wakawa wanasoma KN na kutafuta mtandaoni gari ya KN ni ya wapi. Peugeot mwaka huohuo wakaja na ngao yenye kichwa cha simba. Kwaiyo ukiiona hiyo ngao, ukiacha zile za kale kabisa, unajua gari haiwezi kuwa ya kabla ya 2021. Ila majina usiyaamini sana. Honda Fit na Honda Jazz ni gari ileile, Nissan X-Trail kule Marekani inaitwa Rogue, na Vitz kwao Japani tangu 2020 inauzwa kwa jina la Yaris. Watu wamebishana mpaka kununiana kumbe wote wako sahihi.

Masikio nayo yatumie. Gari ya umeme haina eksozi, na grili yake mara nyingi imezibwa, lakini ikija taratibu kwenye maegesho utaisikia kabla hujaiona, kale kasauti kama ka kinanda cha mbali. Hako wamekaweka makusudi, Ulaya tangu Julai 2021 kila gari mpya ya umeme lazima itoe sauti ikiwa kwenye mwendo mdogo mpaka kama kilomita 20 kwa saa ili waenda kwa miguu wasigongwe. Kila kampuni imetunga yake, kwaiyo hapo kuna mchezo mwingine mzima.

Halafu kuna bahati ya mtende, gari ambayo bado haijatangazwa. Utaijua kwa ile karatasi ya michoro myeusi na myeupe iliyoviringikaviringika mwili mzima, kazi yake ni kuchanganya jicho na kamera usione mikunjo ya bodi. Wanazijaribu kwenye baridi kali maeneo ya Arjeplog kaskazini mwa Sweden, kwenye joto la Death Valley Marekani, na pale kwenye uwanja wa mbio za magari wa Nürburgring, Ujerumani. Ukikutana nayo usihangaike na michoro, angalia vile wasivyoweza kuvificha: vioo, umbali kati ya tairi na tairi, na sait mira. Wakati mwingine hakuna hata michoro, ni bodi ya gari ya zamani unayoijua ila tairi zimetoka nje kidogo kuliko kawaida na kuna kipande cha plastiki kimepachikwa juu yake. Ndani humo kuna mitambo ya gari inayokuja.

Kama we ndo dereva, macho mbele. Kazi ya kutambua waachie abiria, wewe subiri taa nyekundu. Ukipiga picha ya gari ya mtu funika namba yake kabla hujairusha popote, na kama mwenyewe yupo karibu muulize tu, wenye gari mpya wengi watakufungulia mpaka boneti.

Na kama mnacheza wawili watatu ndani ya gari wekeni sheria mapema maana ugomvi haukosi. Anayetaja kwanza anapata pointi, ila ataje kabla hajasoma maandishi ya nyuma, na aseme angalau kitu kimoja kilichobadilika, kusema "ile mpya" tu haihesabiwi. Kizazi kipya pointi moja. Gari ya majaribio yenye michoro pointi tano. Feslifti nusu, na hilo halina mjadala hata kama ni mtoto ndo kaiona.