Kuvuka Mkondo wa Nungwi: Namna ya Kujiandaa kwa Safari ya Boti kutoka Unguja hadi Pemba

Abiria anayepanda boti katika bandari ya Malindi, mjini Unguja, kwenda Mkoani, bandari ya Pemba, huanza safari kwa utulivu unaoweza kumhadaa, kwa sababu kisiwa cha Unguja humkinga na bahari kuu mpaka chombo kikipite kisiwa kidogo cha Tumbatu. Boti ikishaiacha ncha ya Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kinga hiyo huondoka, na boti huingia katika mkondo mkali wa baina ya visiwa viwili. Hapo ndipo wahudumu huanza kupita na mifuko ya kutapikia. Kipande hicho ndicho cha kujiandalia.

Anza kwa kuchagua siku. Wakati wa kusi, yaani upepo utokao kusini, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi huwa makubwa, na siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka kwa takriban mita 4, hivyo mkondo huzidi nguvu. Mwenye nafasi ya kuchagua asafiri siku za maji mafu, yaani maji yanapopanda na kushuka kidogo, na jioni ya kuamkia safari asikilize utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Unapokata tiketi, hakikisha jina lako na la kila mtoto, hata wa kubebwa, limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho au cheti. Ukiona watu wamejaa hadi kwenye njia za kutokea, shuka, hata kama nauli itapotea. Meli ya MV Spice Islander I, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ilikuwa imepakia watu kupita uwezo wake, na msiba ule bado uko ndani ya nyumba nyingi za visiwani.

Keti ghorofa ya chini, karibu na katikati au kuelekea tezi, yaani nyuma ya chombo, kwa kuwa omo, sehemu ya mbele, ndiyo inayorushwa juu zaidi. Wakati wa kusi upepo humsukuma kwa nyuma anayekwenda Pemba, na chombo huyumba ubavuni. Anayerudi Unguja huyakabili mawimbi uso kwa uso, nayo boti hupiga kwa kishindo. Kula kidogo, kitu kikavu, saa moja au mbili kabla, na dawa ya kichefuchefu imeze kabla ya kuondoka, kwani ukishaanza kutapika haikai tumboni. Bibi mmoja niliyeketi naye alishika ndimu iliyokwaruzwa ganda, akawa anainusa huku macho ameyakaza kwenye upeo wa bahari, wala hakutapika. Waliokuwa wameinamia simu zao walitapika karibu wote.

Kabla ya Nungwi, simama uone jaketi la kuokolea liko wapi, ulivae mara moja ili ujue kamba zake, na umuulize mhudumu yaliko ya watoto. Pemba ikikaribia bahari hutulia tena, na watu hukimbilia mizigo. Wewe kaa mpaka kamba zifungwe gatini Mkoani.