Figisu kwenye uchaguzi wa wajumbe: namna ya kuzinasa na kukata rufaa ikasikilizwa

Rufaa nyingi za chaguzi za ndani ya chama hufia njiani kwa sababu mlalamikaji huanza kutafuta ushahidi baada ya matokeo kutangazwa. Saa hiyo orodha ya mahudhurio imeshaondoka na katibu, karatasi za kura zimeshachomwa, na mashahidi wamepanda bodaboda kurudi kwao. Kinachobaki mkononi ni neno "tumeonewa", na hakuna kikao cha rufaa kilichowahi kubatilisha uchaguzi kwa neno hilo peke yake.

Yaliyomo humu yanamfaa mwanachama wa chama chochote, awe Ipogolo, Tukuyu, Ludewa au Tunduma. Majina ya ngazi hutofautiana: CCM wana shina, tawi, kata, wilaya na mkoa, na CHADEMA juu ya mkoa wana kanda. Mbinu za kuchezea wajumbe ni zile zile.

Anza na hesabu. Mei 2024, Makambako, uenyekiti wa CHADEMA Kanda ya Nyasa uliamuliwa kwa kura 54 za Joseph Mbilinyi dhidi ya 52 za Peter Msigwa. Msigwa alilalamikia mwenendo wa uchaguzi huo, na mwezi uliofuata akahamia CCM. Nani alikuwa na haki si kazi yetu hapa. Tazama tofauti tu: mjumbe mmoja angebadili upande, matokeo yangekuwa 53 kwa 53. Kwa tofauti ya namna hiyo, majina mawili yaliyopenyezwa kwenye orodha yanatosha kumpata mwenyekiti. Ndiyo maana wazoefu wa kupanga safu hawahangaiki sana na siku ya kura. Wanahangaika na orodha.

Orodha, jina kwa jina

Pata katiba ya chama na kanuni zake za uchaguzi, toleo lenye marekebisho ya mwisho. Toleo la zamani litakuumbua mbele ya kikao. Tafuta humo mambo matatu: nani ni mjumbe wa mkutano huo, akidi (idadi ya chini ya wajumbe inayohalalisha kikao) ni kiasi gani, na rufaa inakatwa ndani ya siku ngapi, kwa nani. Hilo la siku usilichukue mdomoni mwa mtu. Lisome mwenyewe na uandike namba ya kifungu.

Kisha omba orodha ya wajumbe kwa katibu, kwa barua, mapema. Ukinyimwa, nakala ya barua hiyo ni ushahidi tayari. Ukipewa, chukua daftari kubwa upige mistari ya safu tano: jina, tawi analotoka, anaingia kwa wadhifa au kwa kuchaguliwa, namba ya kadi, na tarehe ya kikao kilichomchagua.

Safu ya tatu inakuonyesha wenye kofia mbili. Mwenyekiti wa jumuiya ya wanawake wa kata anaingia kwa wadhifa wake, na huyo huyo ameandikwa tena kama mjumbe aliyechaguliwa na tawi. Mara moja ameandikwa kwa kuanza na jina la baba, mara nyingine kwa kuanza na lake, msimamizi aliyetoka mbali hashtuki. Mtu mmoja ni kura moja. Ile nafasi ya pili ni ya mwanachama mwingine wa tawi lile, au ibaki wazi kama kanuni zinavyosema.

Safu ya nne inafichua kadi za mkupuo. Namba zimefuatana kama risasi kwenye mkanda, tarehe ya kutolewa ni moja, na kama ni kadi za kuandikwa kwa mkono, hata wino na mwandiko ni wa mtu mmoja. Kwenye daftari la kielektroniki angalia tarehe ya kusajiliwa. Muda wa uanachama si jambo dogo: Agosti 2025 Msajili wa Vyama vya Siasa alibatilisha uteuzi wa mgombea urais wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, baada ya mwanachama kulalamika kwamba aliingia chamani akiwa amechelewa kwa mujibu wa kanuni za chama chenyewe. Suala hilo likaishia mahakamani. Kama hoja hiyo iliweza kumfikia mgombea urais, kwa mjumbe wa kata ina nguvu vilevile.

Safu ya tano ndiyo tamu kuliko zote. Vikao hewa huzaliwa ofisini, na aliyeviandika husahau jiografia. Utakuta msimamizi mmoja kasimamia uchaguzi wa tawi Bulongwa saa nne asubuhi na wa Matamba saa nne hiyo hiyo, siku hiyo hiyo. Anayeijua Makete anajua barabara ile haitoi nafasi ya muujiza. Omba muhtasari wa vikao vyote viwili pamoja na mahudhurio yenye saini.

Siku na mahali pa mkutano

Kuna njia ya kuwanyima watu kura bila kumkata yeyote jina: unawaitia kikao wasichoweza kufika. Mkutano wa Jumatatu asubuhi kwenye kata za chai za Mufindi au Rungwe unawaacha wachumaji shambani. Mkutano wa Machi upande wa Ludewa au Ileje unaweza kuwakuta wajumbe wa vijiji vya mbali wamezibwa na tope. Ukumbi kuhamishwa jioni ya kuamkia uchaguzi, kambi moja ikaambiwa na nyingine isiambiwe, ni mchezo wa kila msimu.

Hapa ushahidi wako ni taarifa ya mkutano yenyewe. Hifadhi barua, au ujumbe wa simu wenye tarehe na saa ya kupokelewa. Linganisha na siku za taarifa zinazotakiwa na kanuni. Orodhesha wajumbe waliokosa kwa sababu hiyo na upate saini zao. "Watu wengi hawakujua" haina maana kikaoni. "Wajumbe 11 wa matawi mawili, majina na saini zimeambatishwa, walipata taarifa saa mbili usiku" ina maana.

Ndani ya ukumbi

Kabla ya ajenda ya uchaguzi, simama uombe akidi isomwe kwa tarakimu: wajumbe halali wangapi, waliosaini wangapi. Katibu akisema tu "akidi imetimia", omba namba kwa adabu mara ya pili na uhakikishe imeingia kwenye muhtasari. Hakuna anayependa mjumbe wa namna hii, lakini vumilia. Mei 2025 Msajili aliandika kwamba kikao cha Baraza Kuu la CHADEMA cha Januari 22, 2025 hakikufikia akidi, na akakataa kuwatambua viongozi walioteuliwa na kuthibitishwa pale. Chama kilipinga msimamo huo, lakini moto wote uliwashwa na barua ya mwanachama iliyohoji idadi ya watu ukumbini.

Msimamizi asiwe mgombea, wala mtu aliyeonekana akimpigia debe mgombea. Kama ni hivyo, toa pingamizi kabla ya kura. Ukinyamaza ukapiga kura kisha ukaja kulalamika baada ya kushindwa, utaulizwa swali ambalo halina jibu zuri.

Kwenye kata nyingi karatasi za kura ni vipande vilivyochanwa kutoka daftari la shule. Hakuna ubaya wowote, mradi vichanwe mbele ya watu, vigongwe mhuri au visainiwe na msimamizi nyuma, na vihesabiwe kabla ya kugawiwa. Vilivyobaki vihesabiwe pia na kufungwa. Kipande kisicho na mhuri kinaweza kutoka kwenye daftari lolote la dukani.

Kura zikishapigwa, wakala wako, yaani anayekulindia kura, akazanie utaratibu huu: sanduku limwagwe juu ya dawati, karatasi zihesabiwe zote kwanza bila kufunguliwa. Tuseme waliosaini ni 87, karatasi zilizogawiwa 87, mezani zikakutwa 91. Hapo hapo sema, kabla jina lolote halijasomwa. Zikianza kusomwa kila kambi itakuwa imeshajua inaongoza au inashindwa, na hakuna atakayejadili kanuni tena. Zikikutwa 84, tulia: watu watatu wameweka karatasi mfukoni. Si vizuri, ila haziongezi kura kwa mtu.

Mnapochagua wajumbe kadhaa kwa karatasi moja, kuna hesabu nyingine ambayo wengi hawaijui. Kama nafasi ni 5 na karatasi halali ni 87, jumla ya kura za wagombea wote haiwezi kuzidi 435. Jumlisha matokeo yaliyotangazwa. Ukipata 449, kuna kura 14 ambazo hakuna aliyezipiga. Na tofauti inayopiganiwa kwenye rufaa haiko kati ya wa kwanza na wa mwisho. Iko kati ya wa tano aliyeingia na wa sita aliyeachwa. Wagombea wengi wanapoteza nguvu kumshambulia aliyeongoza kwa kura 60, wakati aliyewafungia mlango ni yule waliyepishana naye kura tatu.

Piga picha ya fomu ya matokeo na ukurasa wa mahudhurio. Ukizuiwa kupiga picha, nakili kwa mkono, muombe wakala wa upande wa pili asaini. Akikataa, andika kwamba amekataa.

Bahasha, nauli, na "maji ya kunywa"

Usemi wa "wajumbe si watu wazuri" ulienea baada ya kura za maoni za CCM za 2020, na ulitoka kwa wagombea waliohesabu bahasha walizotoa kisha wakahesabu kura walizopata. Kichekesho chake kinaficha jambo moja: mtoaji na mpokeaji wote wana kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Takrima, yaani "ukarimu" wa mgombea kwa wapiga kura, iliyowahi kuhalalishwa kwenye sheria ya uchaguzi ilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 2006. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa pia mchakato wa uteuzi ndani ya vyama, lakini imelenga wagombea wa urais, ubunge na udiwani. Kwa uchaguzi wa viongozi wa chama wenyewe, tegemea ile ya 2007 na kanuni za chama.

Nauli si rushwa kwa jina lake. Jiulize nani ametoa, kwa nani, na kwa kiwango gani. Chama kikiwalipa wajumbe wote sawasawa kwa orodha yenye saini, hiyo ni posho ya kikao. Mpambe akituma shilingi 20,000 kwa simu kwa wajumbe wa matawi matatu tu, usiku wa kuamkia kura, kwa mtu ambaye nauli yake ya bajaji ni 2,000, hiyo si nauli.

Aliyetumiwa asifute ujumbe. Simu yenyewe, ikiwa na ujumbe ndani, ina uzito kuliko picha yake iliyozungushwa kwenye kundi. Apige 113 ya TAKUKURU au aende ofisi ya wilaya mapema, kabla ya kura ikiwezekana. Akichelewa, itaonekana alipokea, akatumia, kisha akaudhika. Na usiweke tuhuma kwenye stetasi. Ukikosa cha kuithibitisha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kukugeuza wewe mshtakiwa, na rufaa yako ikasahaulika.

Barua

Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Anza na wewe ni nani kwenye uchaguzi huo, kisha kosa, kifungu, athari, ombi. Kwa mfano:

*"Ndugu Katibu, mimi mwenye kadi namba …, mgombea katika uchaguzi wa wajumbe wa mkutano mkuu wa wilaya uliofanyika kata ya … tarehe …, nakata rufaa kupinga matokeo. Waliosaini mahudhurio ni 87, karatasi zilizokutwa sandukuni ni 91 (kiambatisho A na B). Hii ni kinyume cha kifungu … cha kanuni. Karatasi zilizozidi ni 4, na tofauti kati ya mshindi wa tano na mimi ni kura 3. Naomba uchaguzi ubatilishwe na urudiwe chini ya msimamizi mwingine."*

Ile sentensi ya nne kutoka mwanzo, yenye 4 na 3, ndiyo inayobeba rufaa. Kasoro isiyoweza kubadili matokeo huishia kwenye karipio la msimamizi. Historia ya mchango wako kwa chama tangu mfumo wa vyama vingi iache nje, na matusi kwa mshindi pia.

Peleka nakala mbili. Moja ibaki, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na urudi nayo. Ofisi ikiwa imefungwa siku ya mwisho, jambo la kawaida kuliko unavyodhani, tuma kwa EMS, huduma ya haraka ya posta, na utunze risiti. Wakati huo huo andika kuomba karatasi za kura zisiteketezwe hadi rufaa iamuliwe.

Ikikwama

Panda ngazi kwa ngazi, na kila ngazi iache alama ya karatasi. Ukimya wa katibu usiuchukulie kama jibu: kumbushia kwa barua, kisha peleka juu ukiambatisha zote mbili. Msajili wa Vyama, ambaye ofisi yake iko Dodoma, hupokea malalamiko ya chama kukiuka katiba yake au sheria. Kitu cha kwanza atakachotaka kuona ni kwamba ulianzia ndani.

Mahakama Kuu ina kanda Mbeya na Iringa, lakini kabla ya kupanda ngazi zake soma katiba ya chama chako inasemaje kuhusu mwanachama anayekishtaki chama. Zitto Kabwe alifungua kesi dhidi ya CHADEMA. Machi 2015 kesi ikaanguka, na siku hiyo hiyo chama kikatangaza kwamba si mwanachama wake tena. Mtu aliyepoteza kadi hana tena uchaguzi wa wajumbe wa kulalamikia, kwa hiyo muone wakili kabla, ukiwa na daftari lako la safu tano mkononi.