Somo: Nyoosha mkono kabla hujalaumu jicho

Wapenzi wa fimbo za puli na snuka, salaam.

Kwa miaka miwili niliamini macho yangu yana kasoro. Mpira uko wazi, shimo liko wazi, nimelenga vizuri, halafu mpira unagonga mdomo wa shimo na kurudi. Nikaenda kupima macho, nikaambiwa ni mazima. Aliyenitibu ni mzee mmoja hapa Moshi. Aliniambia niondoe mipira yote mezani nibaki na mweupe peke yake, ule unaopigwa kwa fimbo, niupige uende ukingo wa mbali na kunirudia. Nilipiga mara ishirini. Haukunirudia hata mara moja. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nikilenga sawa na kupiga kombo.

Fanya hesabu hii uone uzito wake. Fimbo ikienda kombo kwa digrii 1 tu, mpira mweupe ukisafiri mita 1.5 unakuwa umeachana na njia yake kwa milimita 26 hivi. Mpira wa snuka, mchezo wa fimbo wa meza kubwa, una kipenyo cha milimita 52.5. Maana yake mpira uliolenga ulikusudia kuugonga katikati, umeugonga nusu, na mpira uliopigwa nusu unakimbia kwa pembe ya digrii 30. Wengi wetu tumejifunzia puli kwenye vibaraza vya mitaa ya hapa Moshi, Majengo, Pasua na Njoro, ambako meza ni ndogo na safari ya mpira ni fupi, hivyo kosa linajificha. Ukisogea kwenye meza kamili ya snuka, yenye uwanja wa mita 3.57 kwa 1.78, halina pa kujificha.

Hatua ya 1: Kagua fimbo. Ivingirishe juu ya meza. Ikirukaruka, imepinda; tafuta nyingine. Kama hakuna nyingine, weka alama ya chaki kwenye kitako cha fimbo na uishike upande uleule kila pigo, angalau kosa liwe moja.

Hatua ya 2: Simama nyuma ya pigo, usiinamie kando. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na sitachoka kulisema. Mtu anainama kwanza halafu anaanza kutafuta mstari akiwa chini, anasogeza kiuno, anasogeza bega, mwishowe mwili mzima unapingana na fimbo. Simama wima nyuma ya mpira mweupe, uone mstari wote hadi pale unapotaka kugonga. Anayetumia mkono wa kulia aweke mguu wa kulia juu ya mstari huo, wa kushoto utangulie kidogo na kukaa pembeni. Kisha shuka moja kwa moja, fimbo ikitangulia kwenye mstari. Ukiona umekosea, inuka uanze upya. Hakuna anayekufukuza.

Hatua ya 3: Daraja la mkono. Tandaza vidole vinne vikandamize kitambaa, inua dole gumba liegemee kidole cha shahada, fimbo ipite kwenye mfereji huo. Kidevu kiguse fimbo, na kifua pia. Ukiwa na sehemu hizo mbili pamoja na mikono yako miwili, fimbo ina pande nne za kuizuia isiyumbe.

Hatua ya 4: Mkono wa nyuma. Ncha inapogusa mpira mweupe, mkono kuanzia kiwiko hadi ngumi uwe umening'inia wima kama timazi ya fundi mwashi. Kiwiko ndiyo bawaba, bega litulie. Shika fimbo kama unavyoshika kifaranga, asitoroke na asife. Unapovuta nyuma, vidole vya mwisho vilegee kidogo, ukivibana kitako kinainuka na ncha inakwenda kombo. Pima kwa kupeleka fimbo mbele na nyuma mara tatu au nne bila kugusa mpira, vuta taratibu, tulia kidogo nyuma, kisha pitisha. Macho wakati huo yawe kwenye mpira unaolengwa. Ncha ipite sehemu ya mpira mweupe kwa sentimita kumi na zaidi, na kichwa kibaki chini mpaka usikie mpira umetumbukia.

Hatua ya 5: Zoezi la mweupe peke yake. Kwenye snuka, alama za kuwekea mipira ya kahawia, bluu, pinki na nyeusi ziko kwenye mstari mmoja katikati ya meza. Weka mweupe kwenye alama ya kahawia, upige upite juu ya zote tatu, ugonge ukingo wa mbali na kurudi kwenye ncha ya fimbo. Sasa soma majibu yake. Ukipita alama ya nyeusi sawasawa lakini ukarudi kulia kwako, umegusa mpira upande wa kulia bila kujua, umetia spini, yaani umeuzungusha mpira. Ukikosa alama ya nyeusi wakati wa kwenda, fimbo yenyewe imepita kombo, rudi hatua ya pili. Kwenye meza ya puli, weka vipande viwili vya chaki juu ya ubao wa mbali, kimoja kila upande wa katikati, upige kati yake.

Hatua ya 6: Hii ni ya nyumbani, haina gharama. Laza chupa tupu ya soda juu ya meza, uibane kwa vitabu viwili, pitisha ncha ya fimbo mdomoni mwa chupa ndani na nje bila kugusa kioo. Dakika tano kila jioni. Masikio yatakwambia ukweli.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Sakina, Arusha): Shikamoo mwalimu. Fimbo lazima ipite katikati ya kidevu?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Si lazima. Asubuhi kabla mawingu hayajafunika, nyoosha mikono, kutanisha viganja uache kitundu kidogo, tazama kilele cha Meru humo. Fumba jicho moja, kisha jingine. Linalobaki na kilele ndilo jicho kuu, na fimbo inaweza kusogea upande wake. Joe Davis, bingwa wa dunia mara 15 kati ya 1927 na 1946, alicheza fimbo ikipita chini ya jicho la kushoto kwa kuwa la kulia lilikuwa dhaifu.

Swali (Pasua): Kaka, meza ya kijiweni kwetu imeinama. Nitajuaje kosa ni langu au la meza?

Jibu: Kaka, viringisha mweupe polepole kwa mkono, kwenda na kurudi. Ukikengeukia ukuta uleule safari zote mbili, ni meza. Basi fanya zoezi kwa pigo lenye nguvu ya wastani, mteremko hausumbui sana mpira unaokwenda kasi. Na mwombeni mwenye meza aweke kipande cha ubao chini ya mguu ulioshuka.

Swali (Kiboriloni): Mimi ni mfupi, mipira ya mbali sifiki. Nikipanda mezani ni kosa?

Jibu: Dada, unaweza kuinua mguu mmoja uulaze mezani, ila mwingine uguse sakafu wakati wa kupiga. Miguu yote ikiwa juu, ni kosa. Lakini ukilazimika kujivuta hivyo, mkono hautanyooka. Tumia ile fimbo ya kuegemea yenye kichwa cha msalaba, uilaze kabisa juu ya kitambaa, na upige taratibu kuliko ulivyozoea.

Swali (Njoro): Nikicheza peke yangu mkono umenyooka. Watu wakijaa, napoteza.

Jibu: Angalia kichwa chako. Mwenye wasiwasi huinuka mapema kuona kama mpira umeingia, na bega linainuka naye. Mwambie rafiki asimame nyuma yako mechi nzima akihesabu mara ulizoinuka kabla mpira haujafika. Niletee hiyo hesabu wiki ijayo, tuanzie hapo.