Kula Nje Pwani ya Amu: Anza na Mwezi

Kaskazi ikianza kuvuma tu, simu yangu haitulii. Wifi yangu wa Nairobi anakuja na wanawe, binamu wa Mombasa anamleta mume wake mpya, na wote wana ombi lile lile: "Tupeleke tukale nje, mahali penye maji." Mimi ni mwalimu wa msingi hapa Amu, yaani mji wa Lamu, mzaliwa wa mtaa wa Langoni niliyeolewa mtaa wa Mkomani, wala sina hisa katika hoteli yoyote. Lakini nimelisha wageni kando ya mlango huu wa bahari, kati ya Amu na kisiwa cha Manda, kwa zaidi ya miaka kumi. Nimejifunza mambo, na mengine nimejifunza kwa pesa zangu.

Usianze na menyu. Anza na mwezi.

Wageni wengi huja na picha ya jua likizama baharini. Kwa hapa mjini waisahau. Amu imeelekea mashariki, imetazamana na Manda, kwa hivyo jua hutua nyuma ya nyumba, upande wa mashamba ya minazi. Kitakachochomoza mbele ya meza yako, juu ya mikoko ya Manda, ni mwezi, na mwezi huo huo ndio unaopanga maji yawe wapi wakati unakula. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa alasiri, saa kumi au kumi na moja hivi. Kufika saa nne za usiku yameshapwa, mashua zimelala ubavu, na harufu ya tope imekaa kitako mezani pamoja nanyi. Siku za maji mafu, yaani siku ya saba, ya nane, au ya ishirini na mbili tangu mwezi kuandama, ni kinyume: jioni maji yanaingia pole pole na mnamaliza kula huku yakipiga ukuta.

Chaguo langu ni mwezi kumi na tano au kumi na sita. Kila siku maji huchelewa kwa karibu saa nzima, na mwezi nao huchelewa kuchomoza. Kwa hiyo siku hizo maghribi bado kuna maji ya kutosha mbele yako, na mwezi unatoka wakati mnasubiri chakula. Kumi na nne wenyewe unachomoza wakati jua linatua, na nusu ya wageni wangu huwa bado wanatafuta viatu.

Mchana wa siku hiyo, baada ya sala ya alasiri, mimi hupita hotelini peke yangu. Hili wageni hawalijui: hoteli zetu nyingi za pwani hupika kwa kuagizwa, na jiko moja la makaa halilishi meza sita kwa mkupuo. Ukija saa mbili na njaa yako ukaagiza hapo, utakula saa tatu u nusu na watoto wamelala juu ya viti. Mimi huingia hadi jikoni.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Leo mna samaki gani?"

"Wote wapo, bi. Wote wa leo."

Jawabu hilo usilipokee. Mwambie akuonyeshe. Jicho liwe angavu, limejaa, si la maziwa. Shavu ukilifunua liwe jekundu. Akianza kusema friji imefungwa na mwenye ufunguo katoka, agiza mbaazi.

Kwa samaki wa kupaka mimi huomba tafi, au changu ikiwa mezani hakuna mtoto wa kuogopewa miba. Nguru huja amekatwa vipande, na akikaa kidogo tu juu ya makaa anakauka kama ubao. Halafu kuna jambo ambalo huniudhi kila mwaka: samaki aliyechemshwa ndani ya mchuzi wa nazi akaletwa mezani kwa jina la kupaka. Huyo ni samaki wa nazi, na hana kosa, lakini si wa kupaka. Wa kupaka huchomwa kwanza kwa makaa, na chumvi, ndimu, tangawizi na thumu, kisha ndipo hupakwa tui zito lenye ukwaju, akageuzwa, akapakwa tena, mpaka tui linaanza kuungua pembeni. Ukimsogeza puani unasikia moshi kabla ya nazi. Muulize mpishi atampika vipi. Mpishi wa kweli hufurahi kuulizwa.

Wa kupaka apelekwe na wali wa nazi, au mkate wa mofa ikiwa mtu amekwenda kuununua mapema. Usiagize chipsi. Wifi yangu aliagiza chipsi mwaka wa kwanza na hadi leo namkumbusha.

Kaa na kamba mawe ni habari nyingine, kwa sababu huuzwa kwa kilo. Mwaka mmoja, katika hoteli ambayo jina lake nalihifadhi, tuliagiza kaa wanne "wa wastani". Bili ilipokuja, kaa wale walikuwa na uzito wa watoto wa mbuzi. Nani angebishana, maganda matupu yako mezani? Tangu siku hiyo kaa wangu hupimwa mbele ya macho yangu akiwa mzima, bei inaandikwa kwenye karatasi, na karatasi nakwenda nayo nyumbani. Wavuvi wetu husema kaa wa mwezi mpevu hana nyama. Sijapata kupima, lakini ikiwa ni kweli basi usiku ninaoupenda mimi ndio mbaya kwa kaa, na kwangu hiyo ni sababu nzuri ya kuokoa pesa.

Mahali pa kukaa kuna njia mbili. Chini, barabara ya pwani, utaona kila kitu: punda wanarudi bila mizigo, watoto wanaruka gatini, wazee wanaelekea msikitini. Lakini na wewe utaonekana na kila mtu, na sisi wanawake wa mji huu tukikaa pale na buibui zetu, kesho yake Usita wa Mui mzima, barabara kuu ya mji, unajua tulikula nini. Mimi hupanda juu, darini, chini ya makuti. Upepo wa kaskazi unafika vizuri zaidi na mbu hawapendi upepo. Kasoro yake ni ngazi. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na nyumba za mawe zimebaki na ngazi zake za zamani, nyembamba, kila kidato kirefu kama goti. Mama mkwe wangu hupandishwa mapema, kabla giza halijaingia, na hateremki mpaka tumalize.

Fika baada ya maghribi, si kabla. Adhana ikitoka, mhudumu ataondoka, mpishi ataondoka, na mgeni asiyejua atabaki akimpungia mkono mtu ambaye yuko rakaa ya pili. Isha itawakuta mnakula, na hapo ni ustaarabu kutomwita mtu kwa dakika kumi na tano hivi.

Kinywaji cha kaskazi ni embe. Ikipatikana ngowe, agiza juisi na useme "usitie sukari", tena useme mara mbili, maana mkono wa jikoni huwa na mazoea yake. Embe zikiisha, ukwaju. Mgeni anayetaka bia asiulize kwa sauti kila hoteli ya pwani. Nyingi haziuzi, na watu wa humo watahisi vibaya kwa kuulizwa. Katika kijiji cha Shela, hoteli ya Peponi wanauza, na wamekuwepo tangu 1967, na kuna baa ya mbao inayoelea upande wa Manda. Mume wa binamu yangu alikwenda huko na boti, akarudi salama, na sisi hatukumuuliza kitu. Asichukue chupa kutembea nayo barabarani tu.

Paka. Watakuja, wembamba, miguu mirefu, watakaa chini ya meza kama wageni walioalikwa. Ukitupa kipande kimoja umekwisha, watakuja kumi na moja, na watapigana juu ya miguu yako. Wanangu wameamrishwa kukusanya miba yote kwenye sahani moja, na tukiondoka mhudumu huipeleka nyuma, paka nyuma yake kwa foleni.

Kulipa ni haraka. M-Pesa inakubalika karibu kila mahali, lakini darini mtandao hupotea, kwa hivyo uwe na noti kidogo.

Mkitaka kula Shela badala ya mjini, ni kilomita tatu hivi. Kwenda, tembeeni kwa miguu kama maji yametoka, kwa sababu yakijaa njia ya ufukweni hufikiwa na mawimbi na mtafika na pindo zilizolowa. Kurudi, boti. Kubalianeni bei ya kwenda na kurudi kabla hamjapanda, na chukua namba ya nahodha mwenyewe, si ya rafiki yake. Mwambie saa ya kuja, kisha umkumbushe kwa simu mkiwa mnakunywa kahawa, kwa kuwa usiku boti ni chache na bei hupanda kadiri watu wanavyopungua ufukweni.

Na chukua tochi, hasa usiku wa bamvua. Hapo ndipo chaguo langu la mwezi kumi na sita linanidai: saa nne u nusu maji yako mbali, boti haiwezi kusogea, na mnashuka vidato vya gati vilivyokuwa chini ya maji tangu mchana, vyenye utelezi wa mwani. Vua viatu, shika mkononi. Mwaka jana wifi alikataa, viatu vilikuwa vipya vya Nairobi. Kimoja kilibaki kwenye tope, na nahodha, kijana mpole, alikichokoa kwa ncha ya pondo, ule mti wa kusukumia boti, na kumkabidhi bila kucheka, mpaka tulipofika katikati ya mlango.