Somo: Namna ya kuanza Full Thrust, mchezo wa vita vya meli za anga

Nimeandika somo hili kwa sababu suali moja, "Mchezo huu unachezwa vipi?", limenifika mara nyingi mno, na kila anayeliuliza hudhani kuwa yeye ndiye wa mwanzo.

Hatua ya 1. Pakueni kanuni, ambazo kampuni ya Ground Zero Games ya Uingereza imeziweka kwenye intaneti bila ya malipo.

Hatua ya 2. Tafuteni dadu za pande sita na utepe wa fundi cherehani. Vinyago vya meli si lazima, kwani vifuniko vya soda vilivyochorwa mshale vinatosha, na mkicheza juu ya mkeka barazani, pimeni kwa sentimita badala ya inchi.

Hatua ya 3. Kila mchezaji aandike amri za meli zake kwa siri, kisha meli zote zisogezwe. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hivyo someni taratibu. Meli hizi hazina breki wala nanga: kasi iliyomalizia raundi hii ndiyo itakayoanzia raundi ijayo. Meli yenye nguvu ya injini 4 inaweza kubadilisha kasi yake kwa 4, lakini isiyozidi nusu ya nguvu hiyo, yaani 2, ndiyo inayoweza kutumika kugeukia. Ikiwa kasi ni 10 nawe umeandika kugeuka kulia 2 (yaani namba mbili za uso wa saa) na kuongeza 2, basi meli inageuka 1, inakwenda vipimo 6 (inchi au sentimita), inageuka 1 nyengine, kisha inamaliza 6 zilizobaki. Tahadharini msigeuke zote mbili mwanzoni.

Tahadhari ya pili ni yetu sisi Waswahili. Mwelekeo hutajwa kwa namba za uso wa saa. Usiku mmoja niliandika "elekea saa tatu" nikikusudia namba 3 iliyo kulia, nikaenda kuswali Isha na kumwachia mwenzangu anisogezee. Yeye akasoma kama tunavyosoma saa, mshale mfupi ukiwa kwenye 9, akaipeleka meli yangu kushoto hadi nje ya mkeka, na hakuwa na kosa. Tangu hapo tunaandika "namba 3", na neno saa limepigwa marufuku.

Hatua ya 4. Pigeni. Silaha ya miale ya daraja la 2 hurusha dadu 2 ndani ya vipimo 12 na dadu 1 hadi vipimo 24. Ikitoka 4 au 5 ni pigo moja, na 6 ni mapigo mawili, ila ngao ya kiwango cha kwanza huifuta 4.

Hatua ya 5. Futeni visanduku vya madhara kwenye karatasi ya meli iliyopigwa, kimoja kwa kila pigo. Safu ya kwanza ikiisha, rusheni dadu kwa kila kifaa cha meli, na kinachopata 6 kimeharibika.

Masuali

Mkaazi wa Wete: Mchezo huu unachezwa vipi?
Jibu: Ndugu yangu, anza Hatua ya 1.

Kijana wa Michenzani: Meli yangu ina kasi 16 na injini 2, na kila mara inatoka mezani. Kanuni hizi ni mbovu.
Jibu: Kanuni hazina ubovu. Kwa injini 2 unahitaji raundi 8 kuisimamisha, na kasi hiyo uliiandika kwa mkono wako.

Mwalimu wa skuli, Chake Chake: Kwa nini kugeuka kunagawiwa mara mbili, na mtu akigeuka 3 anagawa vipi?
Jibu: Ahsante sana, Mwalimu. Kunagawiwa ili njia ya meli ikaribie kupinda, isiwe kona kali ya ukuta. Zikiwa 3, hugeuka 1 mwanzoni na 2 katikati. Zipo pia kanuni za hiari ambazo meli huweza kuzungusha pua huku ikiendelea kuelea njia yake ya zamani, na hizo zitakufaa zaidi ukisomesha sheria za mwendo za Newton. Wachoreeni wanafunzi kwenye karatasi ya miraba kabla ya kugusa dadu.

Dada wa Makunduchi: Kaskazi ikivuma, karatasi zetu za amri hupeperuka na siri hufichuka.
Jibu: Zikandamizeni kwa kete za bao, dada, ila zirudisheni kabla ya Alasiri, maana wazee wa baraza watazihitaji.