SOMO: Kutengeneza mvinyo wa zabibu bila hamira ya kununua wala dawa

Wakuu, swali ni lilelile kila mara: "Mvinyo wangu umegeuka siki, nifanyeje?" Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Mvinyo wa namna hii hautiwi hamira, sukari, asidi wala salfa. Ukishaviacha hivyo vyote, unabaki na kinga tatu tu: zabibu nzima zilizoiva, usafi, na kuizuia hewa pale inapoanza kudhuru.

1. Shamba. Mboji, samadi iliyooza, mikunde katikati ya mistari. Punguza majani yanayobana vishada ili upepo upite, maana ukungu hupenda unyevu uliotuama. Kilimo hai si kukaa bila kupulizia chochote: salfa kwa ubwiri unga inaruhusiwa, na mrututu uliochanganywa na chokaa kwa ubwiri vinyoya pia. Ila shaba iliyomo kwenye mrututu haiozi, inajikusanya udongoni mwaka hadi mwaka. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka 7. Salfa nayo acha kupulizia wiki kadhaa kabla ya kuvuna. Ikibaki kwenye maganda, hamira huigeuza kuwa harufu ya yai viza.

2. Kuvuna. Asubuhi, kungali baridi. Tafuna mbegu: ikiwa ya kahawia na inavunjika kama karanga, zabibu imekomaa. Ikiwa ya kijani na chungu, subiri. Kwa kipimo cha Brix, yaani cha sukari iliyomo kwenye juisi, 22 hadi 24 hutoa pombe ya kama asilimia 12 hadi 13.

3. Kuchambua. Tupa zilizooza na zilizopasuka zikanuka siki. Usizioshe.

4. Kianzio. Siku tano hivi kabla ya mavuno, chuma vishada vichache vizuri kabisa, ponda, funika kwa kitambaa. Vikichacha na kunukia tunda, hicho ndicho kianzio chako. Vikinuka rangi ya kucha, mwaga uchume vingine.

5. Kuponda. Ndoo ya plastiki ya chakula au chombo cha chuma cha pua. Alumini, shaba na chuma cha kawaida hapana, asidi inavila. Jaza robo tatu tu kwa sababu maganda yatapanda. Mimina kianzio.

6. Kuzamisha maganda mara mbili au tatu kwa siku. Joto likae kati ya nyuzi 20 na 28. Likikaribia 35 hamira huanza kufa na sukari inabaki njiani.

7. Kukamua. Haidromita ni kipimo kinachoelea kwenye juisi, na usomaji wake hushuka kadiri sukari inavyoisha. Ikisoma 1.000 au chini kidogo, kamua.

8. Kujaza mtungi. Hapa ndipo mvinyo mwingi unapofia, kwa hiyo soma polepole. Wakati wa kuchacha kwa nguvu, hewa ukaa hutoka kwa wingi na kuulalia mvinyo kwa juu, ndiyo maana ndoo iliyofunikwa kitambaa haidhuriki. Povu likitulia, ulinzi huo umekwisha. Bakteria wa siki wanahitaji pombe na oksijeni. Pombe umeshawapa, basi usiwape oksijeni. Hamisha mvinyo kwa mpira, ncha ikiwa chini kabisa ya mtungi ili usichuruzike na kurusha matone, ujaze hadi vidole viwili chini ya kizibo. Robo tatu haitoshi. "Karibu kujaa" haitoshi. Ukibaki mvinyo usiotosha mtungi mkubwa, ugawe kwenye mitungi midogo na chupa, kila kimoja kijae. Weka kizibo cha maji kinachotoa hewa bila kuiingiza, na maji yake uyaangalie kila wiki kwa sababu hukauka. Ukiona utando mweupe unatanda juu, hewa imeingia: jaza siku hiyohiyo.

ONYO: Usikaze kifuniko wakati mvinyo bado unachacha, chombo kitapasuka.
ONYO: Hewa ukaa inaua. Huioni, nayo hutuama chini. Chumba cha mvinyo kikiwa kimefungwa, fungua milango na uache kipigwe na upepo kabla ya kuingia.

9. Kusubiri. Asidi kali ya zabibu bado itageuzwa na bakteria kuwa asidi laini, na mvinyo utatoa viputo vidogo tena. Usijaze chupa kabla hilo halijaisha.

MASWALI

Chapchap: Mkuu, naweza kuongeza sukari? Na baada ya siku ngapi nakunywa?
Jibu: Sukari haitiwi, subiri zabibu ikomae: hatua ya 2. Siku za kunywa: hatua ya 7 na ya 9. Fuata haidromita na viputo, achana na kalenda.

Chapchap: Nilifanya kila kitu bado umekuwa siki. Somo lina kasoro.
Jibu: Mtungi ulijaa?
Chapchap: Nusu hivi.
Jibu: Hatua ya 8.

Mama Vishada: Naomba kuelewa. Ule unga mweupe juu ya zabibu ndiyo hamira?
Jibu: Swali zuri, dada yangu. Ule ni nta ya tunda lenyewe, ingawa vijidudu hukaa juu yake. Wanaoanza kazi ni hamira dhaifu wa porini kama Hanseniaspora, ambao pombe ikiongezeka huzidiwa. Anayemalizia sukari ni Saccharomyces cerevisiae, na huyo juu ya zabibu nzima ni haba mno, wengi hukaa kwenye vyombo na kuta za chumba cha kazi. Ndiyo maana nasisitiza kianzio: unampa nafasi ya kuongezeka kabla ya mzigo mkubwa kufika.

Mdau Mpya: Methanoli haitatupofusha?
Jibu: Mvinyo wa zabibu una kiasi kidogo tu, kinachotokana na pektini, ule utomvu unaogandisha jamu, iliyomo kwenye maganda. Maafa unayoyasikia hutokana na pombe za kukeneka na zilizochakachuliwa.

Mzee wa Mboji: Na ile pembe ya ng'ombe ambayo wengine huijaza samadi na kuizika shambani?
Jibu: Mzee, asili yake ni mihadhara ya kilimo ya mwanafalsafa Rudolf Steiner kule Koberwitz, kijiji ambacho leo kiko Poland, mwaka 1924. Samadi hujazwa kwenye pembe, huzikwa majira yote ya baridi, kisha kiasi kidogo hukorogwa majini kwa saa nzima na kunyunyiziwa shambani. Ninavyoona mimi, kiasi kidogo hicho hakiwezi kulisha hekta. Lakini wakulima wanaoifuata njia hiyo huwa wana mboji nyingi na wanauchungulia udongo wao kila siku, na huko ndiko naona faida.

Mzee wa Mboji: Nakubali. Mtungi usipojaa, mimi hutumbukiza gololi za kioo zilizochemshwa mpaka mvinyo ufike shingoni.
Jibu: Shikamoo mzee, hiyo naichukua. Wengine angalieni: iwe kioo kitupu, si mawe. Mawe ya chokaa yatayeyuka na kuila asidi ya mvinyo.

Chapchap: Sasa huu wa siki nimwage?
Jibu: Usimwage. Uhamishie mbali na mitungi yako mingine, ufunike kwa kitambaa kizito, uache umalize kuwa siki kamili ya jikoni. Na vyombo vyake usivitumie tena kwa mvinyo.